Vidonge Vilivyogawanywa Beni

Kila jioni, chakula kikiisha kuliwa na makaa ya mbabula, lile jiko la bati, yakianza kufifia, Falonne aliinuka bila kuagizwa, akachukua kopo dogo jeupe juu ya kabati, akameza kidonge kimoja kwa maji ya kikombe kizima. Mama yake, Mama Kanyere, hakuhitaji kumkumbusha. Alimtazama tu kwa jicho la pembeni huku akichambua maharagwe ya kuuza kesho yake. Baada ya hapo walisali pamoja, wakalala.

Falonne alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikuwa mgonjwa wa kifafa. Ugonjwa huo ulimwangusha mara ya kwanza walipokuwa wakiishi Lubero, asubuhi moja shuleni, wanafunzi wote wakiwa wamepanga mistari mbele ya bendera. Alipopata fahamu aliona duara kubwa la watu waliosimama mbali naye, na hapakuwa na hata mmoja aliyethubutu kumshika mkono. Tangu siku ile, watoto wengine walikataa kunywea kikombe alichokinywea yeye. Kwa hiyo Mama Kanyere alipohamia Butembo, katika mtaa wa Mususa, ili auze maharagwe na viazi vya Musienene, Falonne alimwomba jambo moja tu: huko waendako, mtu yeyote asiambiwe.

Hakuambiwa mtu, isipokuwa shangazi yake Tamar, dada ya marehemu baba yake, na muuguzi Zorobabel wa kituo cha afya, aliyempa dawa. Dawa ilifanya kazi yake. Falonne hakuanguka tena. Alisoma kwa bidii, aliteka maji kama wenzake, na sauti yake ikamsogeza hadi mstari wa mbele wa kwaya ya watoto kanisani. Siku kwaya ilipoalikwa kuimba Kasese, ng'ambo ya mpaka, katika sikukuu ya Pentekoste, mwalimu wa kwaya, Papa Ézéchias, alitangaza kwamba wimbo wa kwanza ungeanzishwa na Falonne peke yake.

Wiki ya safari, Mama Kanyere alimpeleka kwa muuguzi Zorobabel. Mzee huyo alikuwa mtu wa maneno machache. Alimkabidhi Falonne kopo lililobandikwa karatasi yenye jina lake, jina la dawa na namna ya kuimeza, pamoja na ordonansi, karatasi ya kuandikiwa dawa, yenye sahihi ya daktari na mhuri wa kituo.

"Unavuka mpaka, kwa hiyo nisikilize vizuri," alisema. "Dawa hii inaitwa fenobarbitali. Huku kwetu inadhibitiwa na sheria, na ng'ambo vilevile, kwa kuwa inaleta usingizi mzito na kuna watu wanaoitumia vibaya. Nimemwomba mwenzangu wa upande wa pili aulize wanavyotaka huko, maana kila nchi ina kanuni zake. Dawa ibaki ndani ya kopo lake. Jina lililo kwenye kopo, kwenye ordonansi na kwenye hati yako ya kusafiria ni lilelile moja, nimehakikisha. Nimekupa ya mwezi mzima, ya siku mtakazokaa na akiba, mkichelewa njiani. Ibebe mwenyewe, katika mfuko wako wa mkononi, si katika mzigo wa juu ya gari. Usimpe mtu akubebee. Na ukifika mpakani, usingoje kuulizwa. Sema."

"Niseme mbele ya watu, Muganga?"

"Mbele ya anayehusika. Kama watu wapo, basi watasikia."

Falonne aliitikia kwa kichwa, lakini moyo wake haukuitikia.

Mama Kanyere hakuweza kusafiri, kwa kuwa ulikuwa msimu wa maharagwe na mavuno hayamsubiri mtu. Alimkabidhi bintiye kwa Tamar, aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wa watoto katika safari hiyo. Watoto wote walimwita Tantine Tamar, yaani Shangazi Tamar. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mkarimu, mwenye kicheko kinachosikika nyumba ya tatu, na kwa miaka mingi alikuwa amefanya biashara ya vitenge kati ya Butembo na Kasindi, mji wa mpakani.

Wafanyabiashara wadogo wa njia ile wana desturi yao. Wakifika mpakani, mzigo wa mtu mmoja hugawanywa katika mikono ya watu wengi. Mama huyu hujifunga vitenge viwili, yule humbeba mtoto katika cha tatu, mwingine huweka cha nne kichwani kama kilemba. Ng'ambo ya pili hukutana na kurudishiana kila kitu, wakicheka. Tantine Tamar alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na kwa kuwa haikuwahi kumshinda, aliamini kuwa hakuna kitu duniani kisichoweza kuvushwa namna hiyo.

Basi liliwafikisha Beni jua likiwa bado halijachoma. Hapo ilibidi wangoje, kwa kuwa magari ya Kasindi siku hizo hayakwenda moja moja. Yalikusanywa yasindikizwe na askari, kwa sababu ya hatari za njiani. Watoto walitawanyika kivulini wakila ndizi za kuchoma. Tantine Tamar alimwita Falonne kando, karibu na mama mchoma ndizi.

"Lete lile kopo."

"Tantine, Muganga alisema libaki namna hii."

"Muganga anajua sindano. Kasindi anaijua?" Tantine alicheka, akanyoosha mkono. "Mwana wa kaka yangu, miye nimeanza kupita pale mbele hata weye uzaliwe. Kama banaona dawa mingi kwa mutu moja, banasema ni biashara. Tutagawa. Kila mutoto kidogo tu. Ng'ambo tunakusanya."

"Na hii ordonansi?"

"Karatasi njo inaletaka maswali."

Falonne alilishika kopo kwa mikono miwili. Alijua vizuri kilicho sawa. Angeweza kukataa, angeweza pia kumwendea Papa Ézéchias, aliyekuwa hatua chache tu kutoka hapo akihesabu watoto. Lakini Tantine aliinama, akamnong'oneza kwa upole:

"Donc unataka chef wa mpaka asome kopo na kuuliza kwa sauti, 'Nani iko na kifafa hapa?' Sikuli anasikia, Bénite anasikia, wote. Halafu utaimba na sauti gani?"

Falonne akamkabidhi kopo.

Tantine alimimina vidonge katika kiganja, akavifunga katika vipande vya plastiki, vifundo vidogo kama vya chumvi ya kuuzwa sokoni. Kopo tupu alilitupa jalalani. Ordonansi aliikunja, akaiingiza katika makaa ya mchoma ndizi, nayo ikajikunyata, ikawaka. Kisha akapita kwa watoto, akimpa kila mmoja kifundo chake.

"Ni nini hii, Tantine?" aliuliza Sikuli, mvulana mwembamba wa miaka kumi aliyekuwa na mdomo mwepesi kuliko wote.

"Ni ya kuzuia kutapika mu gari," Tantine alijibu haraka, apate kuendelea. "Mais usimeze mpaka nikuambie. Weka mu mfuko."

"Yangu iko vinne tu, kidogo kuliko ya Bénite."

"Kwa sababu Bénite ana tumbo, weye una uzi," alisema Tantine, na watoto wakaangua kicheko. Falonne alicheka pia. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia. Kidonge hakikuwa chake tena; kilikuwa cha wote, na kwa hiyo hakikuwa cha mtu.

Msafara uliondoka. Barabara iliteremka kutoka kwenye mashamba ya kakao, na kadiri ilivyoteremka ndivyo joto lilivyozidi. Kulia na kushoto basi liliyumba likikwepa mashimo. Milima ya Ruwenzori ilikuwa imejificha katika mawingu, na watoto walioahidiwa kuona theluji walianza kulalamika. Papa Ézéchias aliwaimbisha ili wasahau joto.

Falonne aligundua kwamba Sikuli haimbi. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, jasho likimtiririka.

"Umechoka kabla ya kufika?" Bénite alimtania.

"Acha utani. Tumbo langu linageuka," alisema Sikuli. Muda mfupi baadaye alitia mkono mfukoni, akafungua kifundo chake kwa meno, akamimina vidonge vyote mdomoni, akavisukuma kwa maji ya chupa.

Falonne alikuwa viti viwili nyuma yake. Aliona mkono ukipanda na kushuka, akadhani anakunywa maji tu. Wazo baya lilimpita kichwani, naye akalifukuza. Baada ya nusu ya njia Sikuli alikuwa amelala, na Bénite akafurahi kwamba sasa basi lina amani.

Kasindi iliwapokea kwa vumbi, honi za malori na sauti za wabadilishaji fedha. Abiria wote waliteremka ili wanawe mikono na kupimwa joto la mwili kabla ya kuonyesha hati, kama ilivyo desturi pale. Watoto walipanga mstari. Sikuli ilibidi atikiswe mara nyingi. Alipoteremka, miguu yake ilikwenda kama si yake; alimshika bega Éliakim, mwimbaji mwenzake, akakaa chini vumbini, akafumba macho tena.

Mfanyakazi wa afya aliyekuwa na kipimajoto alimtazama, akamwita daktari wa zamu. Akatoka mwanamke mrefu aliyevaa koti jeupe, Daktari Rébecca. Alipiga magoti, akafunua macho ya Sikuli kwa kidole, akamwita jina lake karibu na sikio. Sikuli alijibu neno moja lisiloeleweka.

"Huyu hana homa," alisema daktari. "Kuna kitu amemeza. Nani anajua?"

Bénite akatoa kifundo chake mfukoni. "Labda hii, Mama. Ni ya kutapika. Tantine Tamar alitupa."

Afisa wa uhamiaji, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, alikipokea kifundo, akakigeuza mwangani. Kisha akawaambia watoto wote watoe vilivyo mifukoni. Vifundo viliwekwa juu ya meza kimoja kimoja, vyote vinafanana, vyeupe, bila jina.

"Mwalimu," alimwambia Papa Ézéchias, "nielimishe. Una batoto wengi hivi, kila mmoja ana dawa isiyo na jina, na mmoja wao analala juu ya udongo. Unawapeleka wapi, na ni nani anayewangoja?"

Papa Ézéchias hakuwa na habari yoyote ya vifundo vile. Uso wake, uliokuwa daima na heshima ya mwalimu, uligeuka rangi ya majivu. "Chef, hawa ni batoto ba kwaya. Nina barua za wazazi wao wote."

"Barua za wazazi zinasema kuhusu dawa hii?"

"Hapana."

"Ni vitamini, chef," Tantine Tamar aliingilia, akicheka kicheko kisichokuwa chake. "Vitamini tu. Batoto banachokaka mu njia."

Daktari Rébecca hakugeuka kumtazama. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa Sikuli, akihesabu mapigo. "Mama, sina muda wa vitamini. Nikiambiwa ni dawa gani, na kiasi gani, najua la kufanya na mtoto huyu sasa hivi. Nisipoambiwa nitakisia. Unataka nikisie?"

Tantine alitazama chini.

Falonne alisimama katikati ya wenzake. Neno lile moja lilikuwa limekaa nyuma ya meno yake tangu Lubero, na alijua litakachofanya likitoka: duara litafunguka tena, watu watasimama mbali. Pengine Papa Ézéchias atamwondoa mstari wa mbele. Pengine kwaya nzima itarudishwa Butembo kwa ajili yake. Akamtazama Sikuli. Mdomo ule mwepesi ulikuwa umelegea, na vumbi limeshika mate shavuni. Hapo hofu yake haikuisha, bali aliacha kuisikiliza.

Alitoka katika mstari, akasimama mbele ya daktari, mikono yake ikiwa imenyooka kama afanyavyo mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Ni fenobarbitali, Mama Daktari. Ni dawa yangu. Mimi nina kifafa."

Éliakim alirudi nyuma hatua moja.

"Endelea," alisema daktari.

"Nameza kimoja kila jioni. Kopo na ordonansi vilikuwapo, lakini kopo limetupwa Beni na ordonansi imechomwa. Dawa tuligawanya. Sikuli alipata vinne. Sijui kama alimeza vyote, lakini kifundo chake hakipo mezani. Nilijua kwamba si dawa ya kutapika, nikanyamaza."

"Vinne," alirudia Daktari Rébecca, na papo hapo alikuwa amesimama. "Asante. Mleteni ndani. Alazwe ubavu, mtu asimwache peke yake."

Walimbeba Sikuli hadi katika kituo cha afya. Daktari alimchunguza pumzi na mapigo ya moyo, akamtundikia maji mkononi, akamweka muuguzi mmoja kando ya kitanda. Alipotoka alisema kwamba kiasi kile ni kibaya kwa mwili mdogo kama ule, lakini kwa kuwa wamejua mapema watamlinda hadi usingizi umtoke. Kisha aliomba namba ya muuguzi Zorobabel, akazungumza naye kwa simu kwa muda mrefu. Jioni ile ilipofika, yeye mwenyewe alimpa Falonne kidonge chake, kutoka katika akiba ya kituo.

"Dawa hii haikatizwi ghafla," alimweleza. "Aliyekuondolea kopo angeweza pia kukuondolea kinga yako. Kama kifundo kimoja kingepotea njiani, au mtoto mmoja akatupa chake, ungemeza nini usiku huu?"

Falonne hakuwa amelifikiria hilo.

Afisa wa uhamiaji alikuwa amekwisha kumhoji Tantine Tamar na kuandika maneno yake. Vifundo vyote vilizuiwa. Kwaya haikuruhusiwa kuvuka siku hiyo, na walilala katika ukumbi wa kanisa la Kasindi, watoto wakiwa juu ya mikeka. Falonne alijilaza pembeni, akaacha nafasi kubwa kati yake na wenzake, ili wasipate taabu ya kuiacha wao. Bénite alikuja na mkeka wake, akautandika katika nafasi ileile.

"Sogea. Hapa kuna upepo," alisema.

"Huogopi?"

"Ninaogopa mbu." Akajifunika. Baada ya kitambo akauliza, "Inauma?"

"Sikumbuki. Nikiamka kichwa ndicho kinachouma."

"Basi."

Kesho yake kabla ya adhuhuri, gari kutoka Butembo liliwateremsha akina mama wawili. Wa kwanza alikuwa Mama Kanyere, mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, akiwa amebana kifuani mfuko wenye kopo jipya na ordonansi mpya. Wa pili alikuwa Mama Sikuli. Huyo hakusalimia mtu. Alipita moja kwa moja hadi kitandani.

Sikuli alikuwa ameamka, amekaa, anakunywa uji. Macho yake yalikuwa bado mazito. Alipomwona Falonne mlangoni alisema polepole, kama mtu anayetafuta maneno chini ya mto:

"Falonne. Dawa yako ni kali. Ndiyo sababu hauongeagi."

Mama Sikuli alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Kisha aligeuka, akamwona Tantine Tamar amesimama nje, na kicheko kikakoma.

Tantine Tamar aliingia, akapiga magoti mbele ya mwanamke yule aliyekuwa mdogo wake kwa umri. "Mama Sikuli, ni miye nilimupa. Nilimudanganya mutoto wako. Sina cha kujitetea. Unisamehe kama unaweza, na kama hauwezi, nitajua ni haki yako."

"Inuka," alisema Mama Sikuli. "Sijasamehe bado. Lakini inuka, batoto banatazama."

Daktari Rébecca alipomchunguza Sikuli mara ya mwisho na kumruhusu kutoka, aliomba kwaya nzima ikusanyike uani, na akina mama, na Papa Ézéchias pia. Hakupaza sauti.

"Nianze na ugonjwa. Kifafa hakipiti kwenye kikombe, wala kwenye mate, wala kwenye mkono. Kijana, wewe uliyerudi nyuma jana, umesikia?"

"Ndiyo, Mama Daktari," alisema Éliakim, na masikio yake yakawa ya moto.

"Mwenzenu akianguka, ondoeni vitu vigumu vilivyo karibu naye. Wekeni nguo laini chini ya kichwa chake. Mlazeni ubavu. Msitie kitu mdomoni mwake, msimkandamize, mkaeni karibu hadi azinduke. Mtu mzima aitwe. Ikizidi dakika tano, apelekwe hospitali. Haya si makubwa. Mtoto yeyote hapa anaweza kuyafanya. Sasa dawa. Dawa ya mtu ni ya mtu huyo mmoja. Daktari aliipima kwa mwili wake. Kinachomponya Falonne kimemlaza Sikuli hapa kitandani. Ndiyo maana sheria za mipaka zinataka kopo, jina na ordonansi. Hazikutungwa ili kumwaibisha mgonjwa. Zimewekwa ili mtu yeyote atakayeishika dawa ile, hata asiyemjua mwenyewe, ajue ni nini, ni ya nani na inamezwa vipi. Jana sisi hatukuweza kujua, hadi mtoto mmoja alipokubali kusema mbele ya watu. Tusingoje tena ushujaa wa mtoto mahali ambapo karatasi ndogo ingetosha."

Alimgeukia Falonne. "Na wewe. Jana ulifanya vema. Lakini ulifanya vema ukiwa umechelewa. Ungesema Beni, Sikuli asingelala. Kumbuka yote mawili."

"Nitayakumbuka, Mama Daktari," alisema Falonne. Alisikia uzito wa maneno yale, na hakutaka yapunguzwe.

Saa ya kuvuka ilipofika, afisa wa uhamiaji alizirudisha hati za wote isipokuwa moja. Tantine Tamar hangevuka safari hiyo. Angerudi Butembo, na shauri lake lingeendelea ofisini. Papa Ézéchias alihitaji mwanamke mwingine wa kuwasimamia watoto. Mama Sikuli, aliyekuwa na hati yake ya kusafiria kwa sababu ya biashara, alijitolea.

"Nionyeshe kopo lako liko wapi," alimwambia Falonne. "Na uniambie tena yale ya kulazwa ubavu. Daktari alisema haraka."

Falonne alimwonyesha. Mama Kanyere alisimama kando akitazama mwanamke mwingine akijifunza kumtunza mtoto wake, na akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Tantine Tamar aliwasindikiza hadi penye kizuizi. Hapo aliwaita watoto, nao wakamzunguka, kwa kuwa walimpenda bado.

"Bana yangu, miye nimevusha vitenge miaka mingi," alisema. "Kitenge ukikipa mutu yeyote, kinabaki kitenge. Nilifikiri na dawa ni hivyo. Nilimwambia Falonne afiche kwa sababu nilimwonea haya, nikajidanganya kwamba ninamulinda. Kufundisha mutoto kuficha ugonjwa wake ni kumwacha peke yake nao. Mukikua, mukasafiri mbali kuliko hapa, ulizeni kwanza sheria ya kule munaenda, mubebe dawa na jina lake, na museme kweli. Na mutu mukubwa akiwambia kinyume, hata kama ni Tantine, mukatae kwa heshima. Mais mukatae."

Alimkumbatia Falonne, akamgeuza kwa mabega, akamsukuma taratibu kuelekea daraja la mpakani.

Ng'ambo ya pili palikuwa na meza nyingine na foleni nyingine. Wenzake wote walikuwa nyuma yake, Sikuli akiwa ameshikwa mkono na mama yake, akipiga miayo. Falonne hakungoja kuulizwa. Alifungua mfuko wake wa mkononi, akaweka juu ya meza kopo, ordonansi na hati ya kusafiria, kimoja kando ya kingine.

"Nimebeba dawa," alisema kwa Kinande, ambacho watu wa upande ule hukielewa. "Ni ya kifafa."

Afisa alisoma kopo. Akasoma ordonansi, akasoma hati, akainua macho kwa watoto waliojipanga.

"Falonne ni nani?"

"Ni mimi," alijibu, kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa foleni.